Mzigo wa Ralph Branca: Kwa nini mechi haiamuliwi na pigo la mwisho

Jumatano ya Oktoba 3, 1951, saa 9:58 alasiri, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, mrushaji wa Brooklyn Dodgers, Ralph Branca, alirusha mpira wake wa pili tangu aingie uwanjani. Mpigaji wa New York Giants, Bobby Thomson, akaukuta kwa gongo. Ukapaa kuelekea upande wa kushoto, ukapita juu ya kichwa cha Andy Pafko wa Dodgers aliyekuwa amekimbilia ukutani, ukatua jukwaani katikati ya mashabiki. Dodgers, waliokuwa wakiongoza kwa mikimbio 4 dhidi ya 2, wakawa wameshindwa 5 kwa 4, na ubingwa wa Ligi ya Taifa ukaenda kwa Giants. Kwa zaidi ya miaka 70 sasa Wamarekani wanaisimulia alasiri hiyo kama kazi ya watu wawili tu: Thomson aliyeshinda na Branca aliyepoteza. Sifa Thomson anazistahili. Lakini hukumu aliyopewa Branca haisimami mbele ya ushahidi, na ushahidi wenyewe umo katika kumbukumbu za mechi ile ile inayotumiwa kumhukumu.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mchezo wenyewe unahitaji maelezo machache. Besiboli ni binamu wa kriketi: mmoja anarusha, mwingine anapiga, na aliyepiga hukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi nyumbani alikoanzia. Akifika salama, timu yake inaandikiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka ukuta na kuangukia jukwaani, pigo wanaloliita homurani, mpigaji na wenzake wote waliokuwa vituoni hurudi nyumbani bila mtu kuwagusa. Kila timu ina duru 9 za kupiga, na katika kila duru hupiga mpaka watu wake 3 watolewe. Tofauti kubwa na soka ni kwamba mchezo huu hauna saa. Timu inayoongoza katika dakika za lala salama haiwezi kubutua mpira nje, kujilaza nyasini ikidai imeumia, wala kwenda kuuficha mpira kwenye kibendera cha kona ikisubiri kipenga. Ni lazima iendelee kuupeleka mpira mbele ya gongo la mpinzani mpaka mtu wa 27 atolewe. Branca alipoitwa, Dodgers walikuwa wamekwisha kuwatoa 25. Walibakiza wawili.

Uzito wa siku hiyo ulitokana na safari iliyoitangulia. Kufikia Agosti 11 Dodgers walikuwa wamewaacha Giants kwa pengo la mechi 13, pengo ambalo mtu mwenye busara angeliona kama la timu iliyokwisha kutwaa kombe. Kisha Giants wakashinda mechi 37 kati ya 44 zilizobaki, zikiwemo 16 mfululizo. Dodgers hawakuporomoka. Katika kipindi hicho hicho walishinda mechi nyingi kidogo kuliko walizopoteza, lakini mwendo huo haukutosha. Ratiba ya mechi 154 ilipokwisha, timu zote mbili zilikuwa zimeshinda 96 na kupoteza 58, ikabidi wapambane mara tatu kumpata bingwa. Giants walishinda ya kwanza kwa 3 dhidi ya 1, Dodgers wakalipiza ya pili kwa 10 bila, na ya tatu ikafika Polo Grounds mbele ya watazamaji 34,320, huku televisheni ikiirusha moja kwa moja toka pwani ya mashariki ya Marekani hadi ya magharibi. Upande wa Dodgers alikuwepo Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947. Upande wa Giants alikuwepo kijana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza, Willie Mays. Mechi kubwa namna hiyo, ikiisha ghafla namna ile, lazima itafutiwe mtu wa kubebeshwa lawama.

Kabla ya kumfikia Branca, tumtazame Thomson mwenyewe saa mbili zilizotangulia pigo lake. Katika duru ya pili alipiga mpira mzuri, akakimbia kichwa chini kuelekea kituo cha pili akidhani njia ni nyeupe, kumbe mwenzake Whitey Lockman alikuwa bado amesimama pale pale. Thomson akatolewa, na nafasi ya Giants ikafifia kwa kosa la mtoto wa shule. Katika duru ya 7 alirekebisha kwa pigo refu lililomwezesha Monte Irvin kurudi nyumbani, matokeo yakawa 1 kwa 1. Ilipofika duru ya 8, Thomson akiwa analinda kituo cha tatu, mipira miwili ilipita upande wake, mmoja ukigusa glovu yake na kumponyoka, na Dodgers wakafunga mikimbio 3 katika duru hiyo. Lau mechi ingeishia 4 kwa 1, magazeti ya Alhamisi yangekuwa na jina tayari la kulaumu, na jina hilo lingekuwa Bobby Thomson. Mtu yule yule, siku ile ile, alitenganishwa na aibu kwa mpira mmoja. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwe wazito wa kuwagawa wachezaji kuwa mashujaa na wakosaji kwa kutazama tendo lao la mwisho.

Tuje kwenye duru ya 9 yenyewe. Don Newcombe, mrushaji aliyeanza mechi kwa Dodgers, alikuwa ameifanya kazi ya mtu na nusu. Jumamosi ya Septemba 29 alirusha duru zote 9 dhidi ya Philadelphia bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Jumapili iliyofuata aliitwa tena, akarusha duru 5 na ushei katika mechi iliyokwenda mpaka duru ya 14 ndipo Robinson alipoiokoa. Jumatano hii alikuwa amekamilisha duru 8 nyingine. Hesabu ya siku 5 inafika duru 23 kwa mkono mmoja. Inasimuliwa kwamba katika duru za mwisho aliwaambia wenzake amechoka na Robinson akamhimiza aendelee, naye akaendelea, akawamaliza Giants wa duru ya 8 kama mtu aliyetoka kulala. Lakini mkono haudanganywi. Mtu wa kwanza wa duru ya 9, Alvin Dark, alipiga mpira wa chini uliogusa glovu ya Gil Hodges, mlinzi wa kituo cha kwanza, ukamkwepa, na Dark akafika kituoni salama.

Hapo likatokea jambo dogo ambalo ndilo kiini cha mechi hii. Hodges alibaki amesimama jirani na kituo kumzuia Dark asichomoke kwenda kituo cha pili. Dodgers walikuwa mbele kwa mikimbio 3, kwa hiyo mkimbio wa Dark haukuwa na thamani kubwa. Kilichohitajika ni kuwatoa watu watatu. Kwa kubaki kituoni, Hodges aliacha uwazi upande wake wa kulia. Don Mueller, mpigaji mwenye sifa ya kutafuta mapengo, aliuona, akaupitisha mpira humo humo. Lau Hodges angekuwa amerudi nyuma mahali pake pa kawaida, mpira ule ungeweza kuwatoa watu wawili kwa mpigo. Na aliyefuata, Monte Irvin, mtu aliyeongoza ligi nzima mwaka huo kwa kuwarudisha wenzake nyumbani, alipiga mpira wa juu uliodakwa na huyo huyo Hodges. Wawili na mmoja ni watatu: mechi ingekwisha hapo, Dodgers mabingwa, na Branca asingetoka hata mahali alipokuwa akipasha mwili moto. Badala yake Lockman akapiga mpira uliotua kushoto, Dark akarudi nyumbani, ikawa 4 kwa 2. Mueller akaangukia vibaya mguu wake alipokuwa akiteleza kuingia kituo cha tatu, akatolewa kwa machela, na Clint Hartung akaingia kukimbia badala yake.

Kocha Charlie Dressen ndipo alipokubali kwamba Newcombe amekwisha. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako. Akapiga simu mahali warushaji wa akiba wanapojiandaa, akamuuliza msaidizi wake Clyde Sukeforth nani yuko tayari. Carl Erskine alikuwa ametoka kurusha mpira ulioangukia mchangani, jibu likawa Branca. Siku mbili tu kabla, Jumatatu, Branca alikuwa amerusha duru 8 katika mechi ya kwanza, na katika mechi hiyo huyo huyo Thomson alimpiga homurani. Mdakaji aliyezoeana na warushaji wa Dodgers kuliko wote, Roy Campanella, alikuwa nje kwa maumivu ya mguu, nafasi yake ikiwa imeshikwa na Rube Walker. Zaidi ya hayo, kituo cha kwanza kilikuwa wazi. Dressen angeweza kuagiza Thomson apewe kituo hicho bure, kisha wakabiliane na Mays, kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake. Hakufanya hivyo, na ana utetezi wa haki: desturi ya mchezo inakataza kumweka kituoni kwa hiari mtu ambaye akirudi nyumbani mmepoteza. Sidai kwamba Dressen alikosea waziwazi. Nadai tu kwamba kila moja ya maamuzi hayo, lini Newcombe atoke, nani aingie, nani akabiliwe, lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Branca alikabidhiwa mpira na hali isiyo yake: watu wawili vituoni, mkono uliochoka, na mpigaji aliyekwisha kumjua.

Mpira wake wa kwanza ulipita katikati na Thomson akauacha, kosa la mpigaji wanaloliita straiki. Wa pili aliurusha juu, karibu na mwili wa mpigaji. Branca alieleza baadaye kwamba aliukusudia uwe wa kumtayarisha Thomson kwa mpira wa tatu utakaopinda kwenda chini na mbali. Hakupata nafasi ya kuurusha wa tatu. Thomson alipozunguka vituo, wachezaji wa Dodgers walikuwa wamekwisha kugeuka kuondoka, isipokuwa Jackie Robinson. Alisimama mikono kiunoni akimfuata Thomson kwa macho, kituo hadi kituo, kuhakikisha kwamba hakuruka hata kimoja. Alihakikisha kila hatua ya mkimbio ule kabla ya kukubali kwamba wameshindwa. Watu wengi waliokuja kuihukumu mechi hii hawakuwa na subira hiyo. Waliuangalia mpira mmoja na kufunga daftari.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halifai kupuuzwa. Mtu atasema: michezo ni matokeo, na kabla ya Branca kugusa mpira Dodgers walikuwa wakiongoza. Aliingia wakiwa mbele, akatoka wameshindwa, nini tena cha kujadili? Jibu limo katika sheria za besiboli zenyewe. Katika kumbukumbu rasmi, mkimbio huandikwa kwa mrushaji aliyemruhusu mtu huyo kufika kituoni, hata kama aliporudi nyumbani mrushaji mwingine alikuwa uwanjani. Kwa kanuni hiyo, kati ya mikimbio 5 ya Giants, 4 iliandikwa kwa Newcombe na mmoja tu, wa Thomson mwenyewe, ukaandikwa kwa Branca. Sheria hizo hizo zinampa Branca kushindwa kwa mechi, kwa kuwa mtu wake ndiye aliyebeba mkimbio wa ushindi. Kumbukumbu rasmi kwa hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja, na umma umelikumbuka moja. Simlaumu Newcombe pia. Mtu aliyerusha duru 23 ndani ya siku 5 anastahili heshima. Ninachosema ni kwamba pigo la mwisho liligeuza matokeo kwa sababu mapigo ya kabla yake yaliyajenga. Haba na haba hujaza kibaba, na anayemwaga tone la mwisho hakukijaza kibaba peke yake.

Pingamizi la pili lilikuja miaka 50 baadaye. Januari 2001 mwandishi Joshua Prager alifichua katika gazeti la The Wall Street Journal kwamba tangu Julai 1951 Giants walikuwa wakiiba ishara za wapinzani nyumbani kwao. Vyumba vya wachezaji vya Polo Grounds vilikuwa nyuma ya uwanja, zaidi ya mita 140 kutoka kwa mpigaji. Dirishani aliwekwa mtu na darubini, akaisoma ishara ambayo mdakaji anampa mrushaji wake, akabonyeza kengele ya umeme iliyounganishwa kwa waya hadi kwa wachezaji wa akiba, na ishara ikamfikia mpigaji kabla mpira haujarushwa. Basi, wanasema wengine, yote tuliyoyahesabu hayana maana, kwani mechi iliamuliwa na darubini. Ulaghai ule ulikuwa ulaghai, hata kama kanuni za wakati huo hazikuutaja na Ligi ya Taifa ikaja kupiga marufuku vifaa hivyo mwaka 1961. Hata hivyo, kama chanzo cha ushindi, darubini ina mashahidi wabaya. Ilikuwepo pale pale siku iliyotangulia, na Giants wakafungwa 10 bila. Ilikuwepo Oktoba 3, na kwa duru 8 Newcombe akawaruhusu mkimbio mmoja tu. Haikuwepo Ebbets Field, uwanja wa Dodgers, ambako Giants walishinda mechi ya kwanza.

Thomson alikiri kwamba msimu ule aliwahi kupewa ishara za wizi, lakini mpaka alipofariki mwaka 2010 alikana kwamba aliupokea mpira ule akiujua. Hakuna atakayelithibitisha hilo leo. Lakini angalia jambo hili linamfanyia nini Branca. Ikiwa Thomson aliujua mpira, basi Branca alipigwa na mtu aliyeusoma mkono wake kabla haujafunguka, na lawama inapungua. Ikiwa hakuujua, basi mpigaji hodari, aliyemaliza msimu na homurani 32, alimpata mrushaji aliyechoka, jambo linalotokea kila wiki katika mchezo huu. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, hukumu ya kwamba mtu mmoja aliizamisha timu haipati pa kusimama. Branca alikwisha kudokezwa habari za darubini mwaka 1954, akakaa kimya miaka mingi asiitumie kujitetea hadharani. Hilo lilikuwa chaguo la mtu mwenye kujiheshimu, na hatupaswi kukichukulia kimya chake kama kukiri kosa.

Pingamizi la tatu ni la kimaadili. Kuna wanaohofu kwamba tukiigawa lawama kwa watu wengi tutakuwa tumeiondoa kabisa, na wachezaji watajifunza kwamba hakuna anayewajibika. Naona kinyume chake. Lawama inapomwangukia mmoja ndipo wengine wote wanapopona bila kuulizwa. Simulizi ya mkosaji mmoja ilimwachia kocha nafasi ya kutoeleza kwa nini alingoja, ikamwachia mlinzi nafasi ya kutoeleza kwa nini hakurudi nyuma, na ikawaachia Giants miaka 50 ya kutoulizwa habari za dirisha lile. Uwajibikaji wa kweli unataka kila mtu abebe kipande chake kwa uzito wake halisi. Branca anacho kipande: alirusha mpira usiotosha kuwa mbali na gongo la mtu hatari. Kibebe jina lake, lakini kibebe kwa kipimo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ipo picha ya alasiri ile inayomwonyesha Branca amelala kifudifudi kwenye ngazi za chumba cha kubadilishia nguo, namba 13 ikionekana mgongoni, baada ya kuuvuka uwanja mzima mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Alikuwa na miaka 25. Akiwa na miaka 21 alikuwa amekwisha kushinda mechi 21 katika msimu mmoja, na mpaka anastaafu alishinda mechi 88 katika ligi kuu, lakini jina lake halikutajwa tena bila pigo lile. Yeye na Thomson waliishia kuwa marafiki, wakisaini picha za tukio hilo bega kwa bega, na Branca akafariki mwaka 2016 akiwa na miaka 90.

Kila wikiendi kuna Branca wake katika viwanja vya dunia: kipa aliyeteleza, beki aliyejifunga, kijana aliyekosa penalti ya mwisho. Tunaoandika michezo, tunaoitangaza redioni na tunaoijadili vijiweni tuna deni kwao, nalo ni kuirudisha mechi nyuma kabla ya kutoa hukumu na kuuliza nani alichelewa, nani aliacha pengo, nani aliamua. Mechi ya 1951 inaturahisishia kazi hiyo, kwa kuwa hesabu yake iliandikwa siku ile ile na haijabadilika: Newcombe mikimbio 4, Branca mmoja.